Nukta katika Daftari: Mwalimu wa Kujitolea Mgori

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Baada ya kusikiliza, msimamizi wa darasa ayasome tena polepole, kisha wanafunzi wajibu maswali yaliyo mwisho.)

  Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake mbele yake. Haya, karibuni tena darasani.

Leo tutazungumza juu ya mgeni anayekuja kijijini kufundisha Kiingereza bila kulipwa mshahara. Mgeni wa namna hii tunamwita mwalimu wa kujitolea. Wengine hutumwa na mashirika, na wengine hutoka katika makanisa, kwa sababu imani yao ya Kikristo inawaambia watumikie wenzao. Je, mgeni huyu hushindaje kutwa? Ana faida gani kwetu? Na akisha kwenda zake, tunabaki na nini? Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Lishikeni mpaka mwisho wa somo.

Nitawapelekeni Mgori, katika Mkoa wa Singida. Mgori iko upande wa mashariki wa mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu, ambao pia huitwa Warimi. Ni nchi ya mtama, uwele, mahindi na alizeti. Ni nchi ya ng'ombe, na ya kuku wale wa Singida wanaosifiwa mpaka Dar es Salaam. Mvua huko hunyesha majira moja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na jua. Karibu na hapo pana msitu mkubwa, Msitu wa Mgori, ambamo watu hurina asali. Msitu huo nitarudi kuutaja, kwa maana unalo jambo la kutufundisha.

Miaka michache iliyopita nilifika huko kwa kazi yangu ya elimu, nikamkuta mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Uingereza. Jina lake sitalitaja, kwa sababu si mtu wa kutafuta sifa. Watu wote walimwita "Mwalimu" tu, nasi tumwite hivyo hivyo.

Kwanza tujiulize: kwa nini Kiingereza? Ndugu zangu, jambo hili linawahusu ninyi wazazi. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha masomo yao kwa Kiswahili. Hesabu ni kwa Kiswahili, sayansi ni kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja miongoni mwa masomo. Lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza, mambo yanageuka. Jiografia, hesabu na elimu ya viumbe, yote huandikwa ubaoni kwa Kiingereza, na mtihani wake ni kwa Kiingereza. Mtoto ni yule yule na akili yake ni ile ile. Lugha ndiyo iliyobadilika, na imebadilika kwa muda wa likizo moja.

Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha nne. Hilo ni jambo jema sana, na watoto wengi wa wakulima wamepata nafasi. Lakini mlango ukiwa wazi, lugha ya ndani bado inaweza kumzuia mtu kukaa. Hapo ndipo mwalimu wa kujitolea anapoitwa asaidie.

Sasa tumtazame Mwalimu kwa siku moja.

Aliamka saa kumi na moja alfajiri, jogoo wakiwika. Alisali peke yake kwa muda mfupi, kisha akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Hapo kisimani ndipo alipopata darasa lake la kwanza, na mwanafunzi alikuwa yeye mwenyewe. Akina mama walimfundisha kusalimu kwa Kinyaturu. Akikosea walicheka, naye akacheka pamoja nao, akarudia mpaka akapata. Kesho yake alikosea tena, wakamfundisha tena.

Saa moja alikunywa uji. Saa mbili alikuwa mbele ya darasa la kidato cha kwanza, kalamu za chaki mkononi. Alifundisha mpaka mchana. Kisha alikula ugali na mlenda katika nyumba aliyopangiwa, akafua nguo zake, akasahihisha madaftari kivulini. Saa kumi jioni, siku mbili kwa juma, alikwenda kwenye darasa la kisomo la watu wazima, darasa kama hili lenu. Mwalimu wa kisomo, kijana wa hapo hapo kijijini, alifundisha Kiswahili. Baada ya hapo Mwalimu alipewa nusu saa ya Kiingereza kwa waliotaka.

Katika nusu saa hiyo hakuanza na mambo magumu. Aliwauliza, "Nyumbani mna nini?" Wakamjibu: baiskeli, redio, betri, shati, koti, soksi, kabati. Akawaambia kwamba maneno hayo yote yametoka katika Kiingereza, Waswahili wakayavika sauti yao. Watu wakashangaa. Kumbe lugha waliyoiogopa ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani, imening'inia ukutani pamoja na koti!

Kisha akawaonyesha tofauti moja kubwa, nanyi iandikeni. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Herufi a ni a siku zote: baba, kazi, maji. Katika Kiingereza herufi hiyo hiyo hubadilika. Neno name, yaani jina, husomwa "neim". Neno water, yaani maji, husomwa "wota". Na neno knife, yaani kisu, huanza kwa herufi k isiyotamkwa kabisa, husomwa "naif". Basi mtoto wako akisoma Kiingereza polepole na kukwama, usimwite mjinga. Lugha yenyewe ina mitego.

Nisiwaambie kwamba mambo yalikwenda sawa tangu mwanzo. Hapana. Yalikuwapo matatizo matatu, na kila moja lilimfundisha Mwalimu jambo.

Tatizo la kwanza lilikuwa dini. Mwalimu ni Mkristo, na hakuficha. Jumapili alikwenda kanisani, akaimba na kwaya. Baadhi ya wazee wa Kiislamu wakawa na wasiwasi, wakasema, "Je, mtu huyu amekuja kufundisha watoto lugha, au kuwabadilisha dini?" Swali hilo lilikuwa la haki. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini dini yake. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Mwalimu akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Imani yangu ndiyo iliyonileta hapa. Lakini darasani nimeleta Kiingereza tu. Mtoto wa kila nyumba ni mwanafunzi wangu." Wakapatana hivyo. Na mimi nilipotazama daftari la mahudhurio niliona majina ya Kikristo, majina ya Kiislamu na majina ya Kinyaturu, yote kwa mfuatano mmoja.

Tatizo la pili lilikuwa mvua. Ilipofika Desemba, darasa la jioni likawa tupu. Walikuja wanafunzi wanne tu. Mwalimu akahuzunika, akadhani watu wamemchoka. Mzee mmoja akamwita, akamwambia, "Mwalimu, mvua haingoji kengele. Tukikosa kupanda sasa, tutakuja darasani na njaa mwaka mzima. Chukua jembe, twende." Akaenda naye shambani, akapata malengelenge mikononi. Tangu siku hiyo darasa la watu wazima likafuata majira ya kilimo. Siku za kupanda na kupalilia lilipunguzwa. Siku za kiangazi likaongezwa.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kupita yote, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Darasa la kidato cha kwanza lilikuwa na watoto wengi. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni, akaisoma kwa sauti, na darasa zima likaitikia. Walitamka vizuri. Waliandika kwa hati nzuri. Mwalimu alipouliza, "Mmeelewa?" wote walijibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Akaenda nyumbani ameridhika. Mambo yakawa hivyo muda wa miezi miwili.

Katika darasa la kisomo alikuwamo mama mmoja mkulima, ambaye alikuwa amejua kusoma Kiswahili mwaka mmoja tu uliopita. Binti yake alikuwa kidato cha kwanza. Usiku mmoja mama huyo akalichukua daftari la binti yake, akalifungua. Hati ilikuwa nzuri kuliko yake yeye. Akafurahi. Akaweka kidole juu ya neno moja refu, akamwuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Binti akasoma, "Photosynthesis."

Mama akauliza, "Maana yake?"

Binti akanyamaza. Mama akaweka kidole mstari wa pili, kisha wa tatu. Binti alisoma kila neno, lakini hakuweza kueleza hata mstari mmoja. Mwishowe akaanza kulia.

Mama yule hakumpiga, wala hakumgombeza. Mimi mwenyewe nilimsikia akieleza habari hii mbele ya darasa. Alisema, "Niliona huruma, kwa sababu mimi najua hali hiyo. Zamani nilipopewa karatasi ofisini, nilitia dole gumba nikasema 'ndiyo', na sikujua nimekubali nini. Nikaona mwanangu naye anatia dole gumba, ila yeye anatia kwa kalamu."

Tazameni, ndugu zangu. Jambo ambalo Mwalimu mwenye elimu ya chuo kikuu hakuliona kwa miezi miwili, mama huyu aliliona kwa usiku mmoja, na Kiingereza hakukijua hata neno moja.

Akafanya nini? Alichukua kalamu ya risasi. Akamwambia binti yake, "Kila jioni utanieleza kwa Kiswahili mambo uliyoandika shuleni. Ukiweza kunieleza, tunaendelea. Ukishindwa, natia nukta pembeni. Kesho nukta hizo umpelekee Mwalimu." Jioni ya kwanza ukurasa mmoja ulipata nukta kumi na moja.

Asubuhi binti akalipeleka daftari. Mwalimu akaziona nukta, akauliza ni za nini. Alipoelezwa, alikaa kimya kitambo. Kisha akawaomba wanafunzi wote watie nukta katika madaftari yao, kila mtu mahali asipoelewa, na akawaahidi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa nukta. Madaftari yakajaa nukta kama mtama uliomwagika.

Tangu siku ile alibadili namna yake ya kufundisha. Lile neno refu, kwa mfano, alilieleza hivi. Aliwatoa watoto nje mpaka kwenye alizeti. Akauliza kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwalimu mwenzake, "Mmea huu unapata wapi chakula chake?" Watoto wakaeleza yale waliyojifunza shule ya msingi: jani hupokea mwanga wa jua, huchukua hewa, mizizi huleta maji, na mmea hujitengenezea chakula. Kwa Kiswahili jambo hilo huitwa usanisinuru. Kumbe walikuwa wanalijua tangu zamani! Kilichokosekana ni daraja kutoka neno wanalolijua kwenda neno geni. Akaandika maneno mawili ubaoni, moja kulia na moja kushoto, akachora mstari katikati. Ile nukta ikafutwa.

Njia hii ya kuanzia katika lugha ya wenyeji si mpya. Edward Steere, Mwingereza wa misheni, alifika Unguja mwaka 1864. Alijifunza Kiswahili kwanza, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Na katika nchi hii hii ya Wanyaturu, Mmarekani wa Kilutheri, Howard Olson, alijifunza Kirimi kutoka kwa wenyewe, na mwaka 1964 akaandika utafiti mkubwa juu ya sauti na maumbo ya maneno ya lugha hiyo. Watu hawa walifika kama walimu, lakini kazi yao ilianza walipokubali kuwa wanafunzi.

Sasa turudi kwenye swali letu kubwa. Mgeni akienda, tunabaki na nini?

Mwalimu alikaa mwaka mmoja. Muda wake ulipokwisha, watu walimwaga kwa nyimbo, wakampa kuku wawili na chupa ya asali. Mizigo ikapandishwa gari, na vumbi likafuata. Wengine wakasema, "Haya, Kiingereza nacho kimepanda gari."

Hapo ndipo nataka niutaje ule msitu. Katika miaka ya 1990 Msitu wa Mgori ulikuwa ukiharibiwa kwa kukatwa miti na kufyekwa mashamba. Serikali ilikuwa na nia ya kuufanya hifadhi yake na kuulinda yenyewe. Lakini vijiji vitano vinavyoupakana vikakubaliwa kuulinda. Kila kijiji kikawa na sehemu yake, kikachagua walinzi kutoka vijana wake, kikatunga sheria ndogo zake. Wataalamu walikuja kushauri, kisha wakarudi makwao. Wakati huo ulinzi ukabaki kwa wenye msitu. Sisemi kwamba taabu zilikwisha, kwa kuwa msitu haukosi wezi, na ulinzi ni kazi ya kila siku. Nasema tu kwamba mshauri huondoka, na mlinzi ni yule alalaye karibu na kitu.

Elimu ya mtoto ni hivyo hivyo. Mwalimu wa kujitolea ni mshauri. Mlinzi ni mzazi, pamoja na mwalimu wa hapo hapo. Nilirudi Mgori baada ya muda. Mwalimu yule mwenzake, aliyekuwa akimsaidia pale kwenye alizeti, alikuwa akiendelea na nukta. Na yule mama? Nilimkuta amekaa mlangoni jioni, binti yuko kando yake, kidole kiko juu ya mstari. Nikatazama ukurasa. Nukta zilikuwa mbili.

Basi, ndugu wasikilizaji, shikeni mambo manne.

La kwanza: mgeni akija kufundisha kijijini kwenu, mkaribisheni, lakini mwulizeni maswali. Anavyo vibali vya serikali? Ofisi ya elimu inamjua? Atakaa muda gani? Msione haya kuuliza. Mgeni mwema hujibu kwa furaha.

La pili: mwombeni asifundishe peke yake. Awe pamoja na mwalimu wa hapo, ili akiondoka, kazi ibaki na mwenyewe.

La tatu: msiseme, "Mimi sijui Kiingereza, siwezi kumsaidia mtoto." Unaweza. Mwambie akueleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, yale aliyoandika. Asipoweza, tia nukta. Kazi hiyo haihitaji cheti.

La nne: nukta si aibu. Ninyi mliokuja kisomo mkiwa watu wazima mnalijua jambo hili kuliko wote. Mlikubali mbele ya majirani na watoto wenu kwamba kuna kitu hamkijui. Mtoto anahitaji kuona ujasiri huo nyumbani kwake.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungueni daftari moja la mtoto. Wekeni kidole juu ya mstari mmoja, mkaulize, "Maana yake nini?"

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtoto aliyefaulu shule ya msingi anaweza kupata taabu akiingia kidato cha kwanza?
2. Yule mama alitambua nini ambacho Mwalimu hakukitambua? Alitambuaje?
3. Wazee walipouliza juu ya dini, mkutano uliwasaidiaje? Kijiji chenu kingefanya nini?
4. Andikeni maneno matano yaliyomo nyumbani kwenu ambayo yametoka katika Kiingereza.
5. Kati ya kazi zilizoletwa na wageni kijijini kwenu, ni ipi iliyobaki hai baada ya wao kuondoka? Nani anailinda?